Jakuzi la nyumbani: la watu saba, la kupuliza, au la jirani?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi na mke wangu tuna watoto wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miaka tisa. Mke wangu anasumbuliwa na mgongo, na tumekubaliana kununua jakuzi. Tuna uwanja mdogo nyuma ya nyumba na roshani pana ghorofani. Yeye anataka likae roshani, kwa sababu ya mandhari. Muuzaji ananishikilia nichukue la watu saba lenye jeti 60, yaani vitundu 60 vya kurusha maji. Rafiki yangu ananiambia nianze na lile la kupuliza, la plastiki linalojazwa hewa. Halafu kuna jirani anauza la kwake, amelitumia miaka sita. Nimechanganyikiwa kabisa. Nichukue lipi?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu, na shemeji umpe pole ya mgongo. Nianze na jibu lenyewe ili usisome huku una wasiwasi. La watu saba achana nalo. Kwa nyumba yenu ningetafuta la watu wanne au watano, lenye ganda gumu, kifuniko kinene na viti ambavyo shemeji amevikalia mwenyewe, kisha ningeliweka uwanjani. La kupuliza lina kazi yake, ila si kwa mtu mwenye mgongo. La jirani huenda likawa bahati au mzigo, tutafika huko.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuhesabu jeti, kutazama rangi za taa na kuuliza kama lina spika. Mimi huanza na mambo matatu ambayo dukani hayana mvuto wowote: mahali litakapokaa, umeme litakaotumia, na mtu atakayelihudumia kila wiki. Ukishajibu hayo, aina nyingi zinajiondoa zenyewe.

Tuanze na roshani, maana hapo ndipo penye hatari. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Jakuzi la watu watano hubeba takriban lita 1,000 hadi 1,500. Chukua hizo 1,500: tayari una tani moja na nusu kabla hujahesabu kitu kingine. Ongeza ganda na mitambo, kilo 300 hivi au zaidi, kisha watu watano wa kilo 75 kila mmoja. Jumla inakaribia kilo 2,200. Kama jakuzi lina mita mbili kwa mbili, kila mita ya mraba ya sakafu inabeba kilo 550. Sakafu za nyumba za kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba mzigo wa kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Hapo umeshapita karibu mara tatu. Na mzigo huu haukai jioni moja ukaondoka kama wageni wa sherehe. Uko pale usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi.

Sisemi kwamba roshani haiwezekani kabisa. Zipo zilizojengwa imara, na zipo zinazoweza kuimarishwa kwa mihimili. Lakini anayesema inawezekana awe mhandisi wa majengo aliyetazama michoro na nondo zilizomo, na aliandike kwa mkono wake. Muuzaji hana mamlaka hayo, wala fundi anayepiga mguu sakafuni na kukuambia "hii ni ngumu, usijali." Wala usidhani la kupuliza ni jepesi: plastiki yake ni nyepesi, maji yake ni maji yaleyale.

Uwanjani mambo ni rahisi zaidi, ila si kwamba unaliweka tu juu ya nyasi. Linataka jamvi la zege la unene wa sentimita 10 hivi, juu ya udongo ulioshindiliwa vizuri, lililonyooka kwa pimamaji. Vitofali vya kupanga juu ya udongo laini huzama upande mmoja baada ya mvua chache, jakuzi likainama, fremu ikajipinda, na siku ganda likipasuka utaambiwa dhamana haihusu msingi mbovu. Fikiria pia maji yatakwenda wapi siku ya kuyamwaga. Lita 1,500 zikimwagwa kwa mkupuo zinataka mfereji au mteremko unaoelekea mbali na ukuta wa nyumba. Maji yenye klorini usiyamwagie mimea mara moja. Yaache wazi siku chache mpaka kipimo cha klorini kifike sifuri.

Kabla hujalipa chochote, chukua futikamba upime njia. Jakuzi la ganda gumu halikunjwi wala halifunguliwi. Hubebwa likiwa limesimamishwa ubavu, kwa hiyo lenye upana wa mita mbili na kimo cha sentimita 90 linahitaji njia yenye upana unaozidi mita moja na urefu wa juu unaozidi mita mbili, kuanzia geti mpaka kwenye zege, pamoja na kila kona. Watu wengi husahau kona. Pakishindikana, linainuliwa kwa kreni kupita juu ya ukuta, na hiyo ni gharama ambayo muuzaji hataitaja mpaka uiulize. Ubavuni, upande wenye mlango wa mitambo, bakiza nafasi ya sentimita 60 au zaidi ili fundi aweze kuchuchumaa na spana zake. Yapo majakuzi yaliyozamishwa chini ya sakafu ya mbao yakapendeza sana, mpaka siku pampu inapoharibika na sakafu nzima kubomolewa.

Sasa umeme. Majakuzi yako ya namna mbili. Yapo yanayochomekwa kwenye soketi ya kawaida, na yapo yanayovutiwa waya wake kutoka kwenye bodi kuu, kwa ampea 32 au zaidi. Yale ya soketi hayana umeme wa kutosha kuendesha kila kitu kwa pamoja, hivyo mengi huzima hita pale unapofungulia pampu kwa nguvu zote. Kwa robo saa huoni tofauti. Jioni yenye baridi, mkikaa ndani saa nzima, utaona maji yanazidi kupoa.

Piga hesabu hii. Kupasha lita 1,500 kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 38 za selisiasi kunahitaji takriban uniti 31 za umeme, bila kuhesabu joto linalopotea njiani. Hita ya kilowati 3 itafanya kazi hiyo kwa zaidi ya saa kumi. Ya kilowati 2 itakaribia saa kumi na sita. Kwa hiyo lile wazo la kurudi kutoka kazini, kuliwasha na kuingia baada ya chakula, lifute. Jakuzi la ganda gumu hukaa na joto lake wakati wote, na bili yako haitokani sana na ile siku ya kwanza ya kulipasha. Inatokana na joto linalotoroka kila siku baada ya hapo.

Na joto linatorokea wapi? Juu, kwa mvuke. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huondoka na takriban theluthi mbili ya uniti, na inatosha kushusha lita zote 1,500 zilizobaki kwa karibu nyuzi 0.4. Ndiyo maana nasema kifuniko ni muhimu kuliko taa, spika na nusu ya hizo jeti ukiviweka pamoja. Kifuniko kizuri ni kinene, sentimita 10 au zaidi katikati na chembamba kidogo pembeni ili maji ya mvua yateleze. Povu lake la ndani limezungushiwa nailoni isiyopitisha mvuke, na pale kinapokunjika pana kizibo chake, maana hapo ndipo vifuniko vingi vya bei rahisi hupumua. Kikiwa kimefungwa, pitisha mkono ukingoni na kwenye mkunjo. Ukisikia joto, pesa yako inapita hapo. Dukani mwombe muuzaji akuonyeshe kifuniko cha jakuzi lenyewe, maana wengine hukuonyesha jakuzi zuri kisha wakakupa kifuniko cha daraja la chini.

Baada ya kifuniko ni povu la kuhifadhi joto ndani ya kabati, yaani boksi la nje linalozunguka ganda na mitambo. Kuna wanaojaza povu kila mahali mpaka mabomba yasionekane, na kuna wanaoweka tabaka kwenye kuta za kabati tu na kuacha hewa katikati. La kwanza huhifadhi joto vizuri na kuyashika mabomba yasitikisike, lakini jakuzi likivuja fundi atachimba povu kutafuta tundu. La pili ni rahisi kulitengeneza. Kama unaishi sehemu ya baridi kali, nenda na la kwanza. Kama ni sehemu ya joto, jihadhari na tatizo ambalo wauzaji hawalitaji: pampu zenyewe hutoa joto, na ndani ya kabati lililozibwa vizuri joto hilo huingia kwenye maji mpaka yakapita kipimo ulichoweka. Unaweka 36, unakuta 39. Hapo unataka modeli yenye matundu ya hewa yanayofunguka, au ile yenye pampu ya joto, yaani mtambo unaovuta joto kutoka hewani na kulitia majini, inayoweza pia kupoza. Pampu ya joto, hali ya hewa ikiwa nzuri, hutoa joto mara tatu au zaidi ya umeme inaokula, kwa hiyo iulizie hata kama bei yake ya kuanzia inashtua.

Juu ya usalama wa umeme nitasema kwa ufupi kwa sababu hapana mjadala. Jakuzi liwe na laini yake peke yake. Liwe na breka inayokata umeme mara tu unapoanza kuvuja. Kwenye kifaa utaona herufi RCD au GFCI, na kwa mfumo wa RCD iwe ya miliampea 30 au chini. Waya wa ethi uwe umepimwa. Swichi ya kuzimia kila kitu iwe mahali panapoonekana kutoka kwenye jakuzi, ila umbali ambao aliye majini hawezi kuigusa, angalau mita moja na nusu. Kazi hiyo ifanywe na fundi umeme mwenye leseni. Waya wa nyongeza usitumike hata siku moja, hata kwa lile la kupuliza, hata kwa "leo tu."

Haya, twende kwenye jeti 60. Jeti haina nguvu yake yenyewe. Nguvu iko kwenye pampu, na jeti zote zinagawana maji yaleyale yanayosukumwa na pampu hiyo, kama watoto wanaogawana chungwa moja. Jeti 60 kwenye pampu mbili za wastani zinaweza kukupapasa tu, wakati 25 zilizopangwa kwa akili zikakukanda kisawasawa. Muuzaji mjanja atahamia kwenye hospawa. Hapo tazama kibandiko cha pampu. Hospawa moja ni wati 746, kwa hiyo pampu inayodai hospawa 6 ingehitaji karibu wati 4,500 ili itoe nguvu hiyo mfululizo. Kama kibandiko kinasema ampea 10 kwa volti 230, hizo ni wati 2,300, basi. Zile sita ni za sekunde ya kuwaka, au za kwenye tangazo.

Mitambo hii yote asili yake ni maumivu ya mwili, si starehe. Familia ya Jacuzzi, wahamiaji wa Kiitalia waliokuwa wakitengeneza pampu za maji huko California, ilitoa mwaka 1956 pampu ndogo ya kuzamisha kwenye beseni la kawaida la kuogea, kwa sababu mtoto wao mmoja aliugua baridi yabisi na alihitaji kukandwa na maji nyumbani. Pampu moja tu, ikielekezwa panapouma. Kwa shemeji, swali la kumuuliza muuzaji ni hili: je, kuna kiti ambacho jeti zake zinafika pale hasa panapomuuma, na je, nguvu yake inaweza kupunguzwa au kuhamishiwa kiti kingine kwa kugeuza kitasa?

Jibu lake halimo kwenye kipeperushi. Mpelekeni shemeji dukani na nguo ya kuogelea, aingie kwenye jakuzi lililojaa maji ya moto, akae kila kiti dakika kadhaa. Muuzaji wa kweli hukubali jambo hili bila kushangaa. Akiwa ndani aangalie kama miguu inafika chini, kama maji yanafika mabegani bila kumfika kidevuni, na kama mwili unaelea jeti zinapowaka. Kile kiti cha kulala, ambacho kwenye picha huonekana kama kitanda cha mfalme, huwashinda watu wengi: mrefu magoti yanatoka nje, mfupi anateleza, mwembamba anaelea na kushika ukingo muda wote. Kinakula pia nafasi ya watu wawili. Wenye mgongo wengine hukipenda, wengine huumia zaidi. Yeye ndiye atakayejua. Na amwone daktari wake kwanza, kwa kuwa si kila mgongo unataka joto.

Kuna jambo la mgongo ambalo mara chache hutajwa: kuingia na kutoka. Ukingo wa jakuzi lililokaa juu ya zege huwa na kimo cha sentimita 85 hadi 95. Mtu mwenye maumivu anatakiwa ainue mguu juu ya ukingo huo, kisha akitoka afanye hivyo tena akiwa amelegea kwa joto na ngozi imelowa. Nunua ngazi pana yenye vidato viwili au vitatu visivyoteleza na nguzo ya kushika, na uvihesabu kama sehemu ya jakuzi. Hivyo hivyo na mkono wa chuma wa kunyanyulia kifuniko. Bila huo, kifuniko kitafunguliwa na wewe tu, na siku usipokuwepo shemeji hataingia.

La kupuliza, basi. Rafiki yako hajakosea kabisa. Kama hamjui kama mtalitumia, ni njia ya gharama ndogo ya kujua. Linafungwa kwa saa chache na halihitaji fundi umeme mara nyingi. Lakini lijue lilivyo. Viputo vyake ni hewa inayopulizwa, vinatekenya zaidi kuliko kukanda, na hewa hiyo hupoza maji. Mnakaa kwenye sakafu yake na kuegemea ukuta laini unaorudi nyuma, kitu ambacho mgongo unaouma haukitaki hata kidogo. Kuta zake hazishiki joto vizuri, na baada ya misimu michache huanza kuvuja kwenye maungio. Wakati wa baridi inayokaribia kugandisha halifai kukaa nje likiwa na maji.

Katikati ya la kupuliza na la akriliki, yaani lile la ganda gumu nililolitaja mwanzo, lipo la plastiki ngumu iliyofinyangwa kipande kimoja. Si zuri kwa sura, viti vyake ni vya jumla jumla, ila ni gumu, mengi huchomekwa kwenye soketi, na hubebwa kirahisi kuliko la akriliki. Kwa mtu aliyepanga nyumba au anayetarajia kuhama, mara nyingi hilo ndilo ninalomwelekeza. La mbao lenye jiko la kuni ni kitu kingine kabisa: maji yametulia na mbao ya mwerezi inanukia, lakini kila ukitaka kuoga unaanza kwa kuwasha moto. Kwa wanaopenda. Kwenu halifai.

Nikirudi kwenye ukubwa, la watu saba lina hoja moja tu ya maana, nayo ni kwamba maji mengi huchafuka polepole. Mafundi wana kanuni yao ya kubadili maji: gawa lita kwa 12, kisha gawa tena kwa wastani wa watu wanaoingia kwa siku, upate idadi ya siku. Lita 1,500 kwa watu wawili kila siku ni miezi miwili hivi. Wakiingia wote wanne kila siku, ni mwezi mmoja. Lita 2,000 zingewapa siku kumi zaidi. Kwa siku hizo kumi utalipia nusu tani ya ziada ya kupasha joto, zege kubwa zaidi na kifuniko kizito zaidi, ili siku mbili kwa mwaka mje kuoga na wageni. Tena hiyo "watu saba" imehesabiwa kwa watu wembamba waliokunja magoti. Toa mmoja au wawili ndipo upate idadi halisi.

Maji yenyewe ni kazi ya kila wiki, na hapa nataka unisikilize vizuri. Bakteria wa Legionella, wanaoleta homa kali ya mapafu, hustawi kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 45, yaani joto lilelile tunalolipenda. Na huhitaji kuyanywa wala kuyaingia. Mwaka 1999, kwenye maonyesho ya maua mjini Bovenkarspel, Uholanzi, zaidi ya watu 25 walikufa na wengine wengi kuugua, na chanzo kilipotafutwa kikaonekana kuwa jakuzi lililowekwa pale kama bidhaa ya maonyesho. Wageni walikuwa wakipita karibu tu, wakavuta matone yaliyokuwa yakirushwa na viputo. Maji hayakuwa na dawa.

Kwa hiyo dawa si hiari. Taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, inataka klorini isiyopungua miligramu 3 kwa lita, au bromini isiyopungua 4, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kati ya 7.0 na 7.8. Vipimo vya karatasi vinakupa majibu kwa dakika moja, pima kabla hamjaingia. Maji ya moto huila klorini haraka, na watu wakiingia na losheni, jasho na mabaki ya sabuni kwenye nguo huila haraka zaidi, basi kila mtu aoge kwanza. Chujio lioshwe kila wiki au mbili. Ukiona vipele vyekundu siku moja au mbili baada ya kuoga, hasa palipobanwa na nguo, shuku maji yako kwanza.

Muuzaji atakuambia hili lina ozoni (hewa ya kuulia vijidudu), lina taa ya UV (mwanga wa kuulia vijidudu), au ni la maji ya chumvi, "halitumii kemikali." Ozoni na UV husaidia kupunguza dawa lakini haviachi kinga ndani ya maji yenyewe. La chumvi hutengeneza klorini au bromini kutokana na hiyo chumvi kwa umeme. Ni mtambo mzuri, unapunguza kubeba makopo, ila kupima bado utapima. Kabla ya kununua, mwamue nani ndani ya nyumba atafanya kazi hii. Kama jibu ni "tutasaidiana," mara nyingi maana yake ni hakuna.

Mtoto wa miaka minne asiingie kabisa. Ushauri wa kawaida ni kuanzia miaka mitano, kwa sababu mwili mdogo hupata joto haraka na haujui kusema umezidiwa. Wa miaka tisa anaweza kuingia dakika tano hadi kumi, maji yakiwa yamepunguzwa mpaka nyuzi 36 au chini, mtu mzima akiwa naye ndani, kichwa kisizame. Kwa watu wazima mwisho ni nyuzi 40, na dakika 15 hadi 20 zinatosha. Shemeji akiwa mjamzito, aulize daktari kwanza. Pombe ibaki nje. Kifuniko kiwe na kufuli, na kifungwe kila mnapotoka, hata kama mnarudi baada ya nusu saa.

Angalieni pia matundu ya kunyonyea maji. Marekani ina sheria ya mwaka 2007 yenye jina la Virginia Graeme Baker, mtoto wa miaka 7 aliyefia ndani ya jakuzi mwaka 2002 baada ya kunaswa na mvuto wa tundu la namna hiyo. Jakuzi la kisasa huwa na zaidi ya tundu moja la kunyonyea, kila moja likiwa na kifuniko kilichobinuka ambacho mwili hauwezi kukiziba. Kifuniko hicho kikivunjika au kulegea, hakuna kuingia mpaka kibadilishwe.

Dhamana isome kwa vipande, kwa sababu "miaka kumi" iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwa kawaida ni ya ganda tu, ambalo ndilo hukaa muda mrefu. Pampu, hita na bodi ya kompyuta, vinavyoharibika kweli, huwa na miaka michache. Uliza nani anakuja kutengeneza na nani analipa usafiri wake.

Sasa la jirani. Miaka sita si mingi kwa ganda zuri la akriliki lililotunzwa, na faida yako kubwa ni kwamba unaweza kuliona likifanya kazi. Mwambie asilimwage. Nenda asubuhi bila kumtaarifu saa, ukute kama lina joto lake. Fungua mlango wa mitambo utazame chini: alama nyeupe za chokaa kwenye maungio, udongo uliolowa, kinyesi cha panya. Washa kila pampu usikilize. Pampu inayosaga kama kinu ina beringi zilizokufa. Nyanyua kifuniko. Kama hukiwezi peke yako, povu limekunywa maji, na bei ya kifuniko kipya itoke kwenye bei yake, pamoja na ya kubeba. Nakili namba ya modeli ya bodi na ya hita, umpigie fundi umuulize kama vipuri bado vinapatikana. Mkielewana, kabla hajalimwaga atie dawa ya kusafishia mabomba ya ndani na aliache lizunguke, maana utando wa miaka sita umekaa humo.

Na kama ameshalimwaga na limekaa tupu miezi, mambo yanabadilika. Sili hukauka, na akriliki tupu inayopigwa na jua huweza kuvimba malengelenge. Mwombe alijaze na kulipasha mpaka nyuzi 38, maji na umeme ulipie wewe. Akikataa, mwachie.